Kumtumaini Mungu si Kumjaribu

Katika mtaa wetu wa Kasulo, hapa Kolwezi, liko neno moja ambalo husemwa asubuhi na jioni, arusini na matangani. Neno hilo ni hili: "Ni mpango wa Mungu." Kijana akishuka shimoni akapanda na mfuko mzuri wa kobalti, husema, "Ni mpango wa Mungu." Mwenzake akifunikwa na udongo asipande tena, wanaokaa matangani husema vilevile, "Ni mpango wa Mungu." Mama akiamka bila unga wa bukari, jirani humwambia, "Mama, usihangaike, Mungu ana mpango." Neno ni lile lile, lakini je, maana yake ni moja? Na je, Mungu mwenyewe aridhika na kila jambo tunalolitundika katika jina lake?

Swali hili si la wanafunzi wa seminari peke yao. Ni swali la kufa na kupona. Maana mtu akilielewa vibaya tumaini, aweza kuitesa roho yake kwa wasiwasi, au kuupoteza mwili wake na wa mwenzake kwa uzembe, na katika yote mawili akadhani kwamba ni mtu wa dini. Basi tulichunguze jambo hili polepole.

Baba na mama waliotuacha

Watu wa Kolwezi hawahitaji kufundishwa kwamba kesho haina dhamana. Wameyaona kwa macho. Babu zetu walifanya kazi katika Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mwaka 1967 mali yake ilichukuliwa na taifa, na shirika lililofuata likaja kuitwa Gécamines. Kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, hospitali, shule ya watoto, na posho ya unga. Ndiyo maana watu walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama. Hawakusema hivyo kwa mzaha. Mtoto haulizi baba yake unga watoka wapi, nao hawakuuliza.

Mwaka 1990 machimbo ya chini ya Kamoto yalibomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji mjini. Baadaye mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walijiuliza hiari hiyo ilikuwa ya nani. Wanaume waliokuwa mafundi wa mitambo wakaanza kuuza makala na sombe barabarani. Baba na mama yule alikuwa amewaacha watoto mlangoni.

Kisha watu wakapata baba mwingine, naye ni jiwe. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo. Habari ikaenea, na watu wakachimba uani, jikoni, hata ndani ya chumba cha kulala. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ikahamisha mamia ya jamaa, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, na kampuni moja ikapewa haki ya kununua madini ya hapo. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikililia jiwe letu kwa ajili ya betri za simu na za magari ya umeme. Machi 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 katika soko la London. Mwaka uliofuata ilishuka hata chini ya dola 30,000. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ikasimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi, na Oktoba mwaka ule ule ikaweka kiasi maalum kwa kila kampuni.

Kwa nini nakumbusha mambo haya? Kwa sababu wako wanaofikiri kwamba wasiwasi ni ugonjwa wa ufukara, na kwamba dawa yake ni fedha. Kama ingekuwa hivyo, Kasulo ingelilala usingizi mtamu katika mwaka 2018. Lakini sote twajua ilivyokuwa. Asiye na mfuko alihangaika apate mfuko. Mwenye mfuko alihangaika juu ya mizani ya mnunuzi. Mwenye fedha alihangaika juu ya wezi, na juu ya bei ya wiki ijayo. Wasiwasi haukuondoka, ulibadilisha nguo tu. Kampuni haikuweza kuuponya, wala jiwe halikuweza, kwa maana vyote viwili ni viumbe, na kiumbe hakiwezi kumwahidia mtu kesho.

Wasiwasi ni kitu gani?

Bwana wetu Yesu Kristo alipofundisha mlimani aliwaonyesha watu ndege wa angani na maua ya kondeni, akawataka wasijisumbue juu ya chakula wala mavazi. Wengine huyasikia mafundisho hayo wakadhani kwamba Bwana akataza kazi. Sivyo. Mwangalieni ndege. Huamka mapema kutupita sisi sote, akazunguka mchana kutwa akitafuta punje. Ni kinda tu aletewaye chakula kiotani. Bwana hakuikataza mikono isifanye kazi. Aliukataza moyo usiwe mtumwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa wa karne ya 13, alilipima jambo hili katika kitabu chake kiitwacho Summa. Asema kwamba kushughulikia mambo ya dunia si dhambi kwenyewe, bali huwa dhambi kwa njia tatu. Kwanza, mtu akiifanya mali kuwa ndiyo shabaha ya maisha yake. Pili, akiishughulikia kupita kiasi, hata akaacha mambo ya roho. Tatu, akiogopa kupita kiasi, akidhani kwamba akitimiza wajibu wake atakosa riziki. Tena aongeza jambo la busara sana: kila majira yana shughuli yake. Anayejisumbua juu ya zabibu wakati ambapo ngano yangoja kuvunwa, ajitwisha mzigo wa siku nyingine bila faida. Sisi hapa hatuna zabibu, tuna mahindi. Basi tuseme hivi: mvua za kwanza zikinyesha, shughuli ya siku hiyo ni kupanda. Mtu akikaa barazani akililia ghala tupu la mwezi wa nne, atakosa ghala, na mbegu pia.

Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo, aliwaza sana juu ya wakati. Aliona kwamba kesho haipo bado. Kilichopo ni kungojea kwetu tu, ndani ya roho, leo. Basi mwenye wasiwasi apigwa na fimbo ambayo haijakatwa bado mwituni.

Lakini hapa yatupasa kuwa waangalifu, tusiseme maneno mepesi. Kasulo fimbo hiyo imekatwa mara nyingi. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka machimboni karibu na mji wetu, na wachimbaji zaidi ya 30 wakafa. Novemba 2025, huko Kalando katika jimbo letu, daraja lilianguka likiwa limejaa watu waliokuwa wakikimbia, na zaidi ya 30 wakafa tena. Mke ambaye mumewe yuko chini ya ardhi na moyo wake wadunda, haoti ndoto. Je, twaweza kumwambia kwamba atenda dhambi?

Hapana. Kuogopa si dhambi. Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Getsemani alishikwa na hofu na huzuni hata kutoka jasho. Hofu ni mlinzi ambaye Muumba amemweka katika mlango wa mwili. Wasiwasi ni kitu kingine. Hofu husema, "Tazama ule ufa ukutani." Wasiwasi husema, "Hakuna akutazamaye wewe." Hofu hunena juu ya udongo, wasiwasi hunena juu ya Mungu, nao humsingizia. Hofu ikikwisha kutuonya na sisi tukafanya linalopasa, imemaliza kazi yake. Wasiwasi haumalizi kazi, kwa kuwa hauna kazi.

Kinara cha hekalu

Tumeona kosa la upande mmoja. Sasa tutazame kosa la upande wa pili, ambalo katika mtaa wetu laua watu wengi zaidi, nalo huvaa kanzu ya imani.

Injili yatueleza kwamba Shetani alimpeleka Bwana juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, akamtajia hata ahadi za Zaburi juu ya malaika wenye kumlinda mwenye haki. Angalieni vema ujanja huu. Shetani hakumwambia Bwana aache kumtumaini Mungu. Alimwambia amtumaini, lakini kwa namna ya kumlazimisha. Aitumie ahadi kama kamba ya kumfungia Mungu mikono. Bwana alikataa. Alijibu kwamba Mungu hajaribiwi.

Kinara cha Kasulo hakiko juu, kiko chini. Sheria ya nchi imeweka kwamba mchimbaji wa mikono asipite mita 30 kwenda chini, wala mtoto asifanye kazi hiyo. Hata hivyo mtu hushuka kupita kiasi hicho, bila mti wa kutegemeza paa la njia, bila hewa ya kutosha, katikati ya majira ya mvua udongo ukiwa umelowa. Ukimwuliza, hujibu, "Mungu yupo." Naam, Mungu yupo, tena yupo na hapa juu penye miti ya kutegemeza. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba kumjaribu Mungu ni kuacha kufanya tunaloweza kufanya wenyewe, kisha kungoja Mungu alifanye badala yetu. Basi anayeacha gogo alilo nalo na kumwomba malaika ashike paa, hana imani kubwa kuliko mwingine. Amepanda kinara.

Wako na wengine wanaomjaribu Mungu kwa njia tofauti. Huyu aenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta jiwe, akiamini kwamba madini hayatoki pasipo damu. Yule aenda kwa mhubiri amwambiaye atoe fedha kwanza kama mbegu, na Mungu atamlipa mara mia kabla ya mwisho wa mwezi. Wote wawili wanunua kesho sokoni. Mganga auza kesho kwa jina la pepo, na yule mhubiri aiuza kwa jina la Yesu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ilipo siri ya jambo letu lote. Mwenye wasiwasi na mwenye kumjaribu Mungu waonekana kama watu wawili wasiofanana: mmoja halali usiku, wa pili acheka mbele ya hatari. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza asema, "Kesho ni yangu, na nisipoishika itaniua." Wa pili asema, "Kesho ni yangu, Mungu hana budi kunipa." Wote wamekwisha iba kitu kimoja, nacho ni kesho, iliyo mali ya Mungu. Tena wote wawili wameitupa leo, ambayo Mungu aliwapa mkononi. Mwenye tumaini la kweli hufanya kinyume: huishika leo kwa mikono miwili, na kesho humwachia mwenyewe.

Shimo lisilofunikwa

Katika kitabu cha Kutoka, baada kidogo ya Amri Kumi, iko sheria ambayo watu wengi huipita wakisoma. Yasema kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Na katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo pembeni mwa dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Nani angefikiri kwamba sheria hizo, zilizotolewa zamani hivyo kwa wafugaji wa Kiyahudi, zingefaa sana hapa Kasulo? Mungu hakuwaambia Waisraeli, ng'ombe akianguka semeni ni mpango wangu. Aliuliza: Nani alichimba? Je, alifunika? Kama alijali hivyo mguu wa punda, je, hajali mtoto wa jirani anayecheza uani penye shimo wazi? Je, hajali mzee ambaye njia ya chini imepita chini ya kitanda chake, bila yeye kuulizwa?

Kwa hiyo nasema waziwazi: tukilitaja jina la Mungu ili tusiulize ni nani aliyeacha shimo wazi, hatumheshimu Mungu. Twamtia hatia ya mtu mwingine. Na wako wanaopenda sana tufanye hivyo. Aliyemshusha kijana kwa kamba iliyochakaa apenda tuseme ni mpango wa Mungu. Mnunuzi mwenye mizani ya uongo apenda. Mwenye kuwatuma watoto kuosha mawe mtoni apenda. Neno letu la ibada limekuwa kwao mfuniko wa shimo lao.

Hapo mtu atauliza: Je, basi ajali hizi ziko nje ya uwezo wa Mungu? La, hasha. Walimu wa Kanisa hutofautisha kutaka na kuruhusu. Uzembe, tamaa na udhalimu Mungu hautaki kamwe. Huuruhusu, kwa sababu amemwumba mtu mwenye hiari, naye ana nguvu za kutoa jema hata katika baya. Msalaba wa Bwana ndio mfano mkubwa. Mungu aliutumia kutuokoa sisi sote. Lakini ni Mkristo gani asemaye kwamba Pilato alihukumu vema?

Na katika Injili ya Mtakatifu Luka twasoma habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa. Wayahudi walidhani labda watu hao walikuwa wakosefu kuliko wengine. Bwana alikana neno hilo kabisa, akawaonya wote walio hai watubu. Basi asiwepo mtu matangani wa kumnong'oneza mjane kwamba mumewe aliadhibiwa, au alirogwa, au alikuwa na deni na mizimu. Tuwaache wafu katika huruma ya Mungu. Onyo la Siloamu ni letu sisi tuliobaki juu.

Neno hili lawezekana kwa maskini?

Wako watakaosema, "Katekista, ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumwambia mwenye njaa asihangaike." Pingamizi hili ni zuri, na latakiwa jibu la kweli.

Kwanza, tukumbuke Bwana alisema na nani. Hakuwa akisema na matajiri katika jumba la Herode. Wengi waliomfuata Galilaya walikuwa wavuvi, wakulima, vibarua waliongojea sokoni mtu wa kuwaajiri, watu wenye madeni na kodi. Alijua wana sababu ya kuhangaika, na hao hao ndio aliowaonyesha ndege. Hakuwaambia kwamba mahitaji yao ni madogo. Aliwaambia kwamba Baba ayajua. Kuna tofauti kubwa. Mtu aweza kuvumilia njaa nyingi kama ajua kwamba amejulikana.

Pili, Mtakatifu Yakobo ametufungia mlango wa maneno matupu. Afundisha kwamba kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, ashibe na kuota moto, bila kumpa kitu, ni imani iliyokufa. Kwa hiyo anayesema "Mungu ana mpango" mbele ya chungu kitupu cha jirani, na nyumbani kwake kuna gunia la unga, ajiangalie sana. Yamkini yeye mwenyewe ndiye mpango, naye amekataa kwenda.

Neno hili si mzaha, ni mafundisho ya Kanisa. Mtakatifu Tomaso aeleza kwamba Maongozi ya Mungu huendesha viumbe kwa njia ya viumbe vingine. Si kwamba Mungu amepungukiwa na nguvu, bali kwa wema wake apenda kuwapa viumbe heshima ya kutenda pamoja naye. Basi asiyefunika shimo hamwachii Mungu kazi. Amnyima Mungu mfanyakazi.

Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo, padre wa Torino katika Italia, aliyaonyesha hayo kwa maisha yake. Mwaka 1827 mama mmoja msafiri kutoka Ufaransa, mja mzito na mgonjwa, alifika mjini pamoja na mumewe na watoto. Hospitali zilimkataa, moja baada ya nyingine, akafa katika banda, na padre Cottolengo aliyeitwa kumpa sakramenti akayaona yote. Angaliweza kuwaambia wale watoto kwamba ni mpango wa Mungu, kisha akarudi kulala. Badala yake alitafuta vyumba, akaweka vitanda kwa ajili ya wale waliokataliwa kwingine kote. Mwaka 1832 akaanzisha ile nyumba aliyoiita Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu. Hakutaka kuweka akiba ya fedha kwa ajili yake, alitegemea sadaka za kila siku, na watu wakastaajabu kwa utulivu wake. Lakini tazameni: mtu huyu asiyehangaika alishinda mchana kutwa akihudumia wagonjwa. Utulivu wake haukuwa wa kukaa. Na mpaka leo watawa wake wahudumia wagonjwa, hata hapa Afrika, huko Chaaria nchini Kenya. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1934.

Nini cha kufanya?

Najua kwamba asubuhi ya kesho baba fulani wa parokia yetu atashuka tena shimoni, kwa maana hana kazi nyingine na watoto watataka kula. Sitamwambia maneno ya kumlaumu. Lakini naomba ayapokee mashauri haya, pamoja na jamaa yake na jumuiya yake.

La kwanza: mtu afanye leo yote ambayo busara yadai, kisha aseme sala. Asishuke peke yake. Asishuke penye maji ya mvua, wala penye udongo uliokwisha toa sauti. Atie miti. Mtoto asishuke kamwe, hata kama njaa imebisha hodi. Huyo tutamlisha pamoja. Na shimo lililoachwa lifunikwe siku ile ile. Kazi hizo ni sehemu ya sala yenyewe.

La pili: kuweka akiba si kukosa imani. Jangwani Waisraeli waliojiwekea mana kwa woga waliikuta imeoza asubuhi. Lakini siku ya sita Mungu mwenyewe aliwaamuru wakusanye ya siku mbili, na hiyo haikuoza. Yosefu kule Misri aliweka sehemu ya tano ya nafaka miaka saba, na Mungu alikuwa pamoja naye. Tofauti haiko katika ghala, iko katika moyo wa mwenye ghala. Wakati wa jiwe zuri wengi walikunywa fedha yote katika juma moja, wakisema Mungu atatoa nyingine. Heri likelemba ya akina mama, ambamo kila mmoja hutoa kidogo na kila mmoja hupokea kwa zamu. Humo mna busara, na mna mapendo.

La tatu: mzigo usibebwe na mtu mmoja. Jumuiya zetu ndogo zisiwe za rozari na nyimbo tu. Ziulize kila wiki: Nani hakupika leo? Nani mgonjwa? Mtoto wa nani amefukuzwa sekondari kwa kukosa malipo? Wasiwasi hunenepa gizani; ukitajwa mbele ya ndugu hupungua nusu. Na msiba ukifika, tufunge midomo kidogo. Tusimweleze mjane mpango ambao hata sisi hatujaonyeshwa. Tukae naye, tulete unga na makala, na baada ya siku arobaini turudi tena, maana hapo ndipo wengine wote wamekwisha kwenda.

La nne: tuseme kweli bila chuki. Kudai shimo lifunikwe, kudai mizani ya haki, kudai aliyehamishwa apate makao ya kufaa, si uasi dhidi ya mpango wa Mungu. Ile sheria ya kitabu cha Kutoka yatufundisha kwamba ndivyo Mungu mwenyewe anavyouliza.

La tano: jioni ikifika, mtu akiwa amefanya yaliyompasa, alale. Katika sala aliyotufundisha Bwana twaomba mkate wa leo; hatuombi wa mwaka mzima. Basi aliyeomba hivyo asubuhi, usiku na amrudishie Baba dunia yake, afumbe macho. Mungu aliiendesha kabla Union Minière haijaja, na kabla jiwe halijaonekana. Kulala kwa mtu mwenye shida ni tendo kubwa la imani, pengine kubwa kuliko sala nyingi za kupiga kelele.

Tumtazame, mwishowe, Mama Bikira Maria katika arusi ya Kana. Aliona divai imekwisha. Hakulia, wala hakusema kwamba ndivyo ilivyopangwa waarusi waaibike. Alimwambia Mwanawe haja iliyopo, kwa maneno machache, bila kumwagiza namna ya kuitimiza. Kisha akawageukia watumishi, akawaelekeza wamtii. Nao watumishi walijaza maji mitungi yote sita mpaka juu, kazi nzito ya mikono, wakati ambapo hawakujua bado maji yale yatakuwaje. Bwana ndiye aliyeyageuza kuwa divai. Basi sisi wa Kasulo tujaze mitungi yetu leo, na Mama huyo atuombee.